Shemeji anasema mimi kazi yangu ni kupaka rangi tu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 29, nimeolewa, nina mtoto mmoja na ninaishi Mwanza. Naomba usitaje jina langu, kwa sababu nitakayemsema hapa ni mtu wa nyumbani kabisa. Ni mdogo wake mume wangu, na huu ni mwaka wa nne tunafanya naye biashara ya kutengeneza tovuti.

Tulianza kwa bahati. Mimi nilikuwa kwenye duka la uchapaji, natengeneza kadi za harusi, mabango na kalenda. Shemeji alikuwa amemaliza chuo, kasomea kompyuta, yuko kwetu anatafuta kazi. Siku moja mteja wa kadi akaniuliza kama naweza kumtengenezea tovuti ya duka lake la vipuri. Nikamwambia naweza, halafu nikarudi nyumbani kumuuliza shemeji tovuti inatengenezwaje.

Tukagawana kazi bila hata kukaa chini kuzungumza. Mimi naonana na mteja, nachora kurasa kwenye Figma, programu ya kuchorea tovuti, nachagua rangi na herufi. Mara nyingi naandika na maneno yenyewe, maana mteja atakwambia "maelezo nitakutumia kesho", na hiyo kesho haifiki. Shemeji anachukua mchoro wangu anaugeuza kuwa kodi, yaani maagizo yanayosomwa na kompyuta. (Mama yangu mpaka leo, akisikia kijana kazi yake ni kuandika kodi, anaamini ameajiriwa TRA.)

Mwanzo tuligawana nusu kwa nusu. Mwaka jana shemeji alisema haiwezekani, yeye achukue asilimia 70 na mimi 30. Kwa hiyo kazi ya milioni moja na laki mbili, mimi napata laki tatu na sitini. Nilipolalamika alinijibu hivi, nanukuu: "Shem, wewe unapaka rangi. Tovuti naijenga mimi. Ukiondoka wewe, tovuti inaendelea. Nikiondoka mimi, huna kitu." Alisema hayo mezani, mbele ya mume wangu. Mume wangu akaendelea kuchambua miiba ya sato wake kama vile hakusikia.

Kilichonifanya nikuandikie ni kazi ya shule moja ya bweni. Walitaka wazazi wapate fomu za kujiunga kwenye tovuti badala ya kuzifuata shuleni. Nikachora ukurasa mzuri, na mimi huwa sijisifu hovyo: picha 12 za mpiga picha mwenyewe, madarasa, bwalo, watoto wanacheza netiboli. Ofisini ilifunguka vizuri. Wiki ya kwanza baba mmoja wa Ukerewe alimpigia mwalimu mkuu akiwaka: "Nimebonyeza mpaka bando limekwisha, fomu sijaiona." Kumbe picha zilikuwa nzito, na kitufe cha fomu kwenye simu kilikuwa chini kabisa, baada ya picha zote. Mwalimu mkuu akatuita. Nikasema shemeji ndiye angepunguza uzito wa picha wakati wa kujenga. Naye akasema picha ni mambo yangu ya rangi. Tulibishana mbele ya mteja, Shangazi, naona aibu mpaka leo.

Hayajapoa hayo, mwezi wa sita domeni yao, yaani lile jina la tovuti, likaisha muda. Tovuti ikazima, na barua pepe za shule zikakatika siku tatu. Taarifa za kulipia zilikuwa zinakwenda kwenye barua pepe ya zamani ya shemeji, ya tangu chuo, ambayo haifungui. Akasema kumkumbusha mteja kulipa ni kazi ya anayeongea na wateja. Mpaka sasa shule haijatulipa nusu ya pili.

Sasa nina akiba ya milioni moja na nusu kutoka kikoba. Kuna kozi ya programu hapa mjini, miezi sita, milioni moja na laki nne. Nikisoma, nitafanya kila kitu mwenyewe na hakuna atakayeniambia habari za rangi. Lakini nimejaribu kujifunza usiku kwa video. HTML na CSS, lugha za kupanga na kupamba ukurasa, ziliingia. Nikifika kwenye JavaScript, ile ya kuufanya ukurasa utende, nalala juu ya kibodi. Upande mwingine, kampuni moja ya Dar imeniambia niwachoree kurasa nikiwa nyumbani, mshahara laki tisa kwa mwezi, waandika kodi wanao wao. Lakini nikiondoka, shemeji atayumba, na dawa za presha za mama mkwe zinanunuliwa kutoka kwenye fungu lake. Mume wangu anasema tusivunje undugu kwa ajili ya kompyuta.

Nisome, niajiriwe, au nivumilie? Na je, ni kweli mimi napaka rangi tu?

Mpaka Rangi, Mwanza

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili niliisoma na kalamu ya risasi mkononi, nikipiga mstari kila ulipotaja kazi. Maana naona maswali yako ya mwisho yamejifunika kanga moja, na ndani yake kuna jingine hukuliuliza. Unataka kujua usome, uajiriwe au uvumilie. Unataka pia mtu akwambie kwamba unachofanya ni kazi. Lakini yaliyowaumbua pale shuleni, bando la baba wa Ukerewe na domeni iliyokufa, hayakutokana na rangi wala na kodi. Yalitokea mahali ambapo hapakuwa na mtu.

Nianze na hilo la rangi, kwa sababu najua ndilo linalokunyima usingizi.

Nilifanya kazi chumba cha habari miaka mingi kabla ya safu hii. Tulikuwa na msanifu kurasa, mzee mmoja mpole, na waandishi vijana walikuwa wakimcheka kwamba yeye "anapanga mistari tu". Akaugua wiki moja. Jumatano ile gazeti lilitoka na habari ya msiba imebanwa ubavuni mwa tangazo la ukumbi wa harusi, bwana harusi anacheka sentimita mbili kutoka kwa marehemu. Hakuna herufi hata moja iliyokosewa. Kila mwandishi alikuwa amefanya kazi yake.

Kwa hiyo shemeji yako anaposema rangi, mwulize kidogo kuhusu hiyo rangi. Miongozo ya kimataifa ya kufanya tovuti zisomeke na watu wote inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Ni hesabu, ina vipimo. Maandishi ya kijivu hafifu juu ya nyeupe yanapendeza ofisini kwenye kiyoyozi, lakini mimi na macho yangu haya nikiwa kwenye daladala, jua linapiga kioo cha simu, siyaoni. Anayechagua kijivu ndiye anayeamua kama bibi atasoma ada ya mjukuu wake au atatafuta mtu wa kumsomea. Kuamua kitufe cha fomu kikae wapi ni uamuzi wa aina hiyo hiyo. Na kumkalisha mteja asiyejua anachotaka mpaka akajua, kisha kumwandikia maneno ambayo yeye ameshindwa kuyaandika, hiyo ni taaluma nyingine kabisa. Kuna watu wameajiriwa kwa hiyo peke yake.

Lakini mwanangu, kitufe hicho kilikuwa chini ya picha 12. Nakuuliza, sikusuti: ule ukurasa uliuchora kwa kipimo cha simu, au uliuchora kwa kipimo cha kompyuta ukaamini shemeji ataupunguza? Katika barua nzima umesema "ofisini ilifunguka vizuri". Hukusema mlifungua kwenye simu ya mtu.

Na lile neno lake, "ukiondoka wewe, tovuti inaendelea", lina ubaya wa kusemwa mezani, ila lina chembe ya jambo. Barua yako haina hata sentensi moja kuhusu seva, ile kompyuta inayoihifadhi tovuti. Nani anaamka tovuti ikizima saa nane usiku? Nani anaweka bakapu, yaani nakala za akiba? Mtu akijaribu kuingilia fomu za shule, nani anajua? Labda ni yeye, anafanya kimya kimya na hakuna anayemwambia asante, kama wewe usivyoambiwa asante kwa maneno unayoandika kwa niaba ya wateja wa kesho. Au labda hakuna anayefanya. Mimi sijui. Ninachokiona ni kwamba kila mmoja wenu anaiona kazi yake yote, na ya mwenzake anaona nusu.

Hata huko ilikoanzia, kazi hii ilikuwa ya mtu mmoja. Tovuti ya kwanza duniani aliitengeneza Tim Berners-Lee pale CERN, Geneva, ikawa hewani mwaka 1991. Ilikuwa maandishi na viungo, haina picha, haina rangi za kugombania. Mtu mmoja aliweza kwa sababu mambo yalikuwa machache. Zikaja picha na fomu, JavaScript ikaja 1995, toleo la kwanza la CSS likapitishwa 1996, zikafuata malipo na simu, kazi ikawa haienei tena kichwani mwa mtu mmoja. Ikagawanyika: wa kuwauliza watumiaji, wa kuchora, wa kuandika, wa kujenga upande unaoonekana, wa kujenga upande wa nyuma, wa kupima, wa kulinda seva.

Mipaka yenyewe haijatulia. Mwaka 2010 mbunifu mmoja Mmarekani, Ethan Marcotte, alieleza namna ya kutengeneza ukurasa mmoja unaojipanga upya wenyewe kufuata upana wa kioo, uwe wa kompyuta au wa simu ya kiganjani. Sasa hilo ni la nani, la mchoraji au la mwandika kodi? Mchoraji ndiye anayejua nini kitangulie kioo kikiwa kidogo. Kinachokitanguliza ni CSS. Zile picha zenu 12 zilianguka hapo hapo mpakani, kila mmoja akamwangalia mwenzake. Wewe ulikuwa na haki kusema angezipunguza. Naye alikuwa na haki kuuliza kwa nini ziwe 12.

Tuje kwenye njia zako.

Kozi kwanza. Sikukatazi kusoma, na mwanamke mwenye akiba yake ya kikoba hasubiri ruhusa ya shangazi. Nataka tu ujiulize unasoma ili ujue, au unasoma ili umnyamazishe mtu. Miezi sita itakufikisha kwenye uanafunzi wa kazi ambayo mwenzako anaifanya mwaka wa nne. Ukimaliza ukafanya kila kitu peke yako, utakuwa umerithi pia zile kazi ambazo leo hazina mwenyewe, pamoja na kuamka saa nane usiku. Na akiba itakuwa imebaki laki moja. Halafu kuna jambo ulilipita haraka: HTML na CSS ziliingia. Umeliandika kama vile ni kitu kidogo. Hizo mbili ndizo zinazopakana na kuchora. Anayezijua huongea na mwandika kodi bila mkalimani, na humwambia "hii inawezekana" bila kubahatisha. Huenda hicho ndicho kiasi kinachokutosha kwa sasa. Huenda JavaScript nayo itaingia ukiwa na mwalimu wa kumuuliza, badala ya video ya saa sita usiku mtoto akiwa mgongoni. Waulize wenye kozi kama unaweza kulipia sehemu tu, au kuhudhuria siku mbili kabla ya kutoa hela.

Ajira ya Dar ina utamu wake: laki tisa zinazojulikana tarehe, na wenzako wanaojua uchoraji wa kurasa ni kazi yenye jina. Hatari yake nimeiona kwenye matangazo ya kazi. Wanaandika "mbunifu wa tovuti", ukisoma chini wanataka achore, aandike kodi, apige picha, aendeshe Instagram na ajibu simu. Hao ni watu watano kwa mshahara mmoja. Kabla hujasaini, waombe wakueleze Jumatatu yako itakuwaje, kuanzia asubuhi. Uliza mkataba ni wa muda gani, NSSF ipo au haipo, bando ni la nani, na michoro yako ataijenga nani. Uliza kama wanakuruhusu kushika kazi ndogo pembeni, kwa sababu hilo likiwezekana, kuondoka kwako si lazima kuwe kuondoka kabisa.

Kubaki nako kuna namna mbili. Kuna kubaki ukavumilia, ukaendelea kupokea 30 na kununa jikoni. Na kuna kubaki baada ya kuweka karatasi mezani. Karatasi yenyewe naiona hivi: mchukue kazi ya shule peke yake, kila mmoja akae pembeni yake aandike kila kitu kilichofanyika tangu simu ya kwanza ya mwalimu mkuu, na nani alifanya, na kwa saa ngapi. Kisha mbadilishane karatasi. Mimi nilipohesabu kwa kalamu yangu nilipata kazi kumi na moja. Tano ni zako, mbili za shemeji kwa jinsi ulivyoandika wewe (yeye ataongeza, mwache aongeze), na nne hazina mtu: kupima kwenye simu za watu, kupunguza picha, kulipia domeni, na kulinda taarifa zinazojazwa kwenye fomu.

Hiyo ya nne msiichukulie kama kitu cha wakubwa. Fomu ya kujiunga ina jina la mtoto, umri wake na simu ya mzazi, na Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022. Zinapokaa, nani ana nenosiri, zinafutwa lini? Na domeni ya shule iandikishwe kwa jina la shule, na barua pepe ambayo mtu anaifungua. Mkishajua hivyo mtaona kama asilimia ina maana tena. Wapo wanaoipa kila kazi bei yake, wakalipana kwanza, ndipo wanagawana kinachobaki. Njia hiyo nayo ina kero, mtahesabiana saa kama wapangaji wanaohesabiana umeme.

Halafu hizi dawa za mama mkwe. Hapa nilisimamisha kalamu.

Umesema zinatoka kwenye fungu la shemeji. Umesema pia fungu lake lilipanda kutoka 50 mpaka 70 mwaka jana. Mama alianza lini dawa? Sisemi ndiyo sababu, sina ushahidi. Lakini kijana akiona aibu kusema "dawa za mama zimenielemea", anaweza kusema "wewe unapaka rangi". Kama ni hivyo, zile asilimia 20 zilizokutoka hazikwenda kwenye kodi wala kwenye seva, zilikwenda duka la dawa. Wewe umekuwa ukimhudumia mama mkwe wako bila kujua na bila kushukuriwa. Na mtoto mwingine wa mama huyo, yule aliyekuwa anachambua sato, anachangia ngapi? Huenda anachangia, hukuniambia. Mwulize mkiwa wawili, usiku, si mezani. Kama dawa zikitolewa juu ya meza, kila mtoto akajulikana fungu lake, ndipo wewe na shemeji mtajua mnagombania nini hasa. Inawezekana pia nimekosea, shemeji yako anaamini kabisa kwamba kodi ndiyo kazi na mengine ni mapambo. Basi utakuwa umelijua hilo kwa hakika, na barua ya Dar utaisoma kwa macho mengine.

Nusu ya pili ya malipo ya shule, mwendee mwalimu mkuu wewe na shemeji pamoja, picha zikiwa zimeshapunguzwa na kitufe kimepanda juu. Msiende kudai kabla ya kurekebisha.

Ila kabla ya karatasi, kabla ya mwalimu mkuu, kuna kitu kimoja kisichogharimu hata kikao. Nendeni kwa mama mkwe, wote wawili. Mwombeni simu yake, hata kama ni ndogo yenye ufa, mwambieni aitafute fomu ya kujiunga kwenye tovuti yenu. Nyinyi kaeni kimya, msimwoneshe pa kubonyeza. Tazameni kidole chake kinakwenda wapi na kinasitia wapi. Bando amnunulie shemeji, wewe umeshachangia ya kutosha. Kisha niandikie.

Shangazi